Besi inasoma 2005, kompyuta inarudi 2009, na sasa leseni imegoma: msaada wapimaji na mafundi wa Dodoma

mpima_veyula

Wakuu mbukwenyi, naombeni msaada wa haraka maana mteja ananipigia kila nusu saa na usiku wa jana sijalala. Niko Dodoma mjini, ofisi yetu ya upimaji ni ndogo tuko watatu, kazi ni shamba la Veyula linakatwa viwanja 42 na bikoni (alama za mipaka) zote zimeshamwagiwa zege. Alhamisi tarehe 14/8/2025 tuliingia saiti na risiva mbili za GPS, besi inayokaa pointi moja na rova ya kuzunguka nayo kwenye viwanja, rova ni yetu na ni ya kisasa kidogo, ila besi yetu iko kwa fundi kwaiyo nikaazima besi ya zamani kwa jamaa yangu, ile mizito ya boksi. Ilikaa juu ya pointi inayojulikana kuanzia saa 3 na dakika 20 asubuhi mpaka saa 9 alasiri, haikuzimwa hata dakika moja.

Nimerudi ofisini nikamwaga faili kwenye programu ya kuchakata, rova imeingia vizuri 14/8/2025, besi imeingia inasema 29/12/2005!! Programu inaona ni kazi mbili zilizopishana karibu miaka 20, haichori hata mstari mmoja kutoka besi kwenda rova. Na kinachonichanganya zaidi, siku ile saiti besi ilikuwa inaonyesha pozisheni safi tu, ukilinganisha na karatasi ni tofauti ya mita chache kama kawaida yake.

Sasa kuna jambo la pili. Desktopu yetu tangu mwezi wa sita kila asubuhi ikiwashwa inasema 01/01/2009, mimi nimezoea narekebisha kwa mkono naendelea na kazi. Nilipoona besi inasema 2005 nikawaza labda kompyuta ndo inaharibu faili wakati wa kuhamisha, nikairudisha tarehe ya kompyuta mpaka 29/12/2005 ili zifanane nijaribu. Hapo ndo nimejimaliza, programu imekataa kufunguka, inasema saa ya mfumo imerudishwa nyuma, na hata nikiweka tarehe ya leo bado inasema hivyohivyo. Leseni yetu ni ya kulipia kwa mwaka, iko kwenye kile kiflashi cha USB. Naanzia wapi?

fundi_majengo

Pole sana kaka. Hiyo ya 2009 ni betri ya CMOS, ile ya duara kama shilingi iliyolala kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), imeandikwa CR2032. Naziona kila wiki hapa Majengo. Ukizima kompyuta ila umeacha waya umechomekwa na swichi ya ukutani iko on, mazabodi inaendelea kupata umeme kidogo na saa inatembea kwa huo, betri haiguswi. Nyie maofisini jioni mnazima swichi ya ukutani kabisa, au umeme unakatika usiku, hapo saa inabaki na betri peke yake na kama imekufa asubuhi inaanza upya kutoka tarehe aliyowekewa na kiwanda. Nyingine zinaanza 2000, nyingine 2009, nyingine 2015, inategemea mazabodi. Ndo maana wewe ni kila asubuhi na mchana hujawahi kuona.

Kabla hujaitoa ingia BIOS, ile kurasa ya mipangilio kabla Windows haijawaka, upige picha kurasa zote na simu, hasa pale pa hadidiski pameandikwa AHCI au RAID, maana ukiweka betri mpya BIOS inaweza kurudi mipangilio ya kiwanda na Windows ikakataa kuwaka, utadhani umeua mashine. Halafu chomoa waya wa umeme kabisa, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kama kumi umeme uliobaki uishe, sukuma kile kiklipu cha pembeni na bisibisi ndogo betri itaruka yenyewe. Mpya inaingia upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Pulizia na vumbi humohumo ndani, vumbi la Dodoma mnalijua wenyewe.

Dukani nenda na mita, pima kabla hujalipa. Mpya inatakiwa isome volti 3 au zaidi kidogo, ukiona 2.7 kushuka achana nayo hata kama ina nailoni yake, kuna zilizokaa dukani mpaka zimechoka. Bei yake ni ya chai na chapati mbili tu, halafu wewe tangu mwezi wa sita unaandika tarehe kwa mkono kila asubuhi!

Na usiitegemee intaneti ikurekebishie. Huduma ya saa ya Windows kwenye kompyuta isiyo kwenye domeni (mtandao wa ofisi unaosimamiwa pamoja) imewekewa kikomo, tofauti ikizidi saa 15, yaani sekunde 54,000, yenyewe hairekebishi. Kutoka 2009 mpaka leo si saa 15. Weka betri, andika tarehe sahihi mwenyewe mara moja, angalia na kanda ya saa isome UTC+03:00 Nairobi, kisha fungua kile kidirisha cheusi cha amri (Command Prompt) kama adimini uandike w32tm /resync. Ikigoma na hapo muulize anayesimamia mtandao wenu kama poti 123 ya UDP imefungwa.

dada_wa_geodesia

Fundi ameeleza vizuri, ila mpima_veyula naomba unisikilize, hizo ni saa mbili tofauti na umezichanganya. Kompyuta yako haijagusa faili ya besi. Besi yenyewe ndo iliandika 2005, na ukiangalia kalenda utaamini. 14/8/2025 ilikuwa Alhamisi. Na 29/12/2005 nayo ilikuwa Alhamisi. Toka hiyo mpaka hiyo ni siku 7,168, gawa kwa 7 unapata wiki 1,024 kamili, haizidi siku wala haipungui. Ukiona tarehe imekosea kwa wiki 1,024 kamili huna haja ya kutafuta mchawi.

Iko hivi. Setilaiti za GPS hazitumi tarehe kama tunavyoandika sisi, kwenye ule ujumbe wao wa zamani zinatuma namba ya wiki na sekunde ya ndani ya wiki. Namba ya wiki imepewa biti 10 tu kwaiyo inahesabu 0 mpaka 1023 halafu inarudi 0. Hesabu ilianza 6/1/1980, ikarudi sifuri mara ya kwanza Agosti 1999, mara ya pili usiku wa kuamkia 7/4/2019, na ijayo ni Novemba 2038. Risiva inapopewa namba ya wiki inabidi ikisie ni mzunguko wa ngapi, na ukisiaji huo uko kwenye famuweya, programu ya ndani ya risiva yenyewe. Kiwanda kikiandika famuweya kinaweka wiki ya kuanzia kukisia, ndo maana kuna risiva zilizoharibika palepale 2019, zingine zikaendelea vizuri miaka kadhaa halafu siku moja zikaruka nyuma bila kuguswa na mtu. Muulize mwenye besi, nadhani hata yeye hajui maana labda anaitumia kwa kazi za papo kwa papo tu.

Na hilo ndo jibu la pozisheni kuwa safi saiti. Pozisheni inatafutwa kwa sekunde za ndani ya wiki na obiti zinazotangazwa na setilaiti zenyewe muda huohuo, vyote hivyo viko sahihi. Wiki ikikosewa mzunguko pozisheni haijali. Shida inakuja ofisini, programu inapolinganisha tarehe na tarehe, na mbaya zaidi ukiiruhusu ishushe obiti sahihi kutoka intaneti itakuletea za Desemba 2005.

Kwaiyo data yako ni nzima kaka, usirudi Veyula. Fanya hivi: nakili faili mbichi ya besi pembeni, ile ya kwanza usiiguse kabisa. Igeuze kuwa RINEX, ule muundo wa faili za GPS unaosomwa na programu za kampuni tofauti, kwa kutumia teqc, ile programu ya bure ya UNAVCO, imeacha kuendelezwa tangu 2019 ila bado inafanya kazi, na kwenye amri yako ongeza -week 2379. Hiyo 2379 ndo wiki ya GPS ya Jumapili 10/8/2025 mpaka Jumamosi 16/8/2025. Besi yako inadhani iko wiki ya 1355. Ukitoa 1355 kwenye 2379 unapata nini? 1024.

Usifungue RINEX ukabadilisha ile mistari ya juu peke yake, nimeshaona watu wanafanya hivyo na wanapoteza siku nzima. Tarehe imeandikwa kwenye kila epoki, yaani kila mara risiva iliporekodi, kwenye kazi ya saa tano na ushee ni maelfu ya mistari. Na faili ya navigesheni ya besi (ile yenye obiti za setilaiti) nayo ina wiki mbovu, itupe pembeni tumia ya rova, setilaiti ni zilezile.

kijana_it_nkuhungu

Mkuu hiyo leseni isikusumbue, kuna kiprogramu kinaidanganya programu moja tu ione tarehe unayotaka na kompyuta inabaki na tarehe yake. Nikutumie inbox?

mpima_veyula

Asante kijana ila hapana, hii ni kazi ya viwanja vya watu, kesho kutwa mtu akienda mahakamani kwa ajili ya mpaka wataomba faili zangu. Sitaki faili zenye tarehe ya kudanganya.

Fundi nimefanya. Betri ya zamani imesoma 1.9. Nimeweka mpya, nimezima swichi ya ukutani nimeenda kula nimerudi baada ya saa moja na nusu, imewaka na tarehe ya leo. Nimefurahi sana, miezi miwili hii nilikuwa naona kawaida tu.

Dada nimeangalia kalenda ya 2005, kweli Alhamisi, mwili umenisisimka. Ila programu bado haifunguki, inasema saa imerudishwa nyuma.

msimamizi_wa_leseni

Nimefanya kazi na programu za ramani na za uhandisi zenye leseni za aina hii miaka mingi, ngoja nikuulize swali moja na unijibu ukweli maana hapa hakuna wa kukucheka. Kuna siku yoyote ulikosea tarehe kwenda MBELE? Kwa sababu leseni ya muda haiogopi wewe kuweka 2005 halafu ukarudi leo, ikiona leo ni baada ya mara ya mwisho ilipotumika inatulia. Inachokataa ni kuona leo iko NYUMA ya tarehe iliyokwisha kuiona. Kila inapofunguka inaandika mahali pake muda wa mwisho, zingine zinaandika ndani ya kiflashi chenyewe, na zingine zinakagua hata mafaili ya mfumo kama kuna lenye tarehe ya kesho. Zile zinazotumia mfumo wa leseni wa FlexNet zinakupa kosa namba -88 kwa jambo hilohilo.

Fungua folda ya programu na folda ya leseni, panga mafaili kwa tarehe ya kubadilishwa, la mbele kabisa likae juu. Niambie unaona nini.

mpima_veyula

Nimeona. Logi ya programu (faili la kumbukumbu zake) imeandikwa 18/08/2052. Nimekumbuka sasa hivi, Jumatatu ile, baada ya kuona besi inasema 2005, nilikuwa narekebisha tarehe huku naongea na simu, nikaandika 2052 badala ya 2025, programu ikasema leseni imeisha muda, nikashtuka nikairekebisha nikasahau kabisa. Baada ya hapo sikuifungua mpaka siku nilipoweka 2005, kwaiyo nikajua 2005 ndo imeiharibu.

msimamizi_wa_leseni

Ndiyo hiyo. Kwa leseni yako leo ni miaka 27 nyuma. Usifute logi na usiguse kiflashi. Ukifuta kwa kubahatisha unaweza kuifunga moja kwa moja na pia unaharibu ushahidi kwamba ilikuwa bahati mbaya. Waandikie waliokuuzia leseni, eleza kama ulivyoeleza hapa, betri ya CMOS ilikufa, tarehe iliandikwa 2052 kimakosa, ambatanisha picha ya hiyo logi na picha ya betri kwenye mita. Watakuomba utoe faili ndogo kutoka kwenye kiflashi, nao wanakurudishia nyingine ya kuisafisha ile saa. Wakati unasubiri kamilisha RINEX yako, teqc haihitaji leseni.

Na ukiweza, hiyo kompyuta ondolea watumiaji wa kawaida ruhusa ya kubadilisha tarehe. Abaki nayo mtu mmoja.

mpima_veyula

Wakuu nimerudi baada ya siku mbili. Leseni imefunguka jana jioni, walituma faili ya kusafisha kama ulivyosema. RINEX ya besi imetoka na tarehe 14/8/2025 kila mstari, nimekagua wa kwanza na wa mwisho. Dada Mungu akubariki.

Ila sijamaliza. Nimechakata, viwanja vya asubuhi vimetoka vizuri sana, mistari imefunga kwa milimita. Vya baada ya saa 6 mchana vyote vimekataa, programu inasema hakuna muda wa pamoja kati ya besi na rova. Na besi ilikuwa inafanya kazi mpaka saa 9! Nimeanza kuwaza labda -week imeharibu kitu.

mzee_wa_theodolaiti

Kijana, mimi nimepima tangu enzi za cheni na theodolaiti, hizi mashine mmenikuta nazo nimeshazeeka ila hilo tatizo lako nalifahamu. Hiyo fomu ya saiti nani aliijaza? Na muda wa besi kuanza na kumaliza uliandika wewe kwa mkono kwenye programu, au uliacha usomwe kwenye faili?

mpima_veyula

Shikamoo mzee. Fomu alijaza kijana wetu wa saiti. Na ndiyo, niliandika kwa mkono kwa sababu ya urefu wa antena, programu ilitaka muda wa kukaa pointi nikaweka kama ilivyo kwenye fomu, 3:20 mpaka 9:00.

mzee_wa_theodolaiti

Marahaba. Basi umeshajijibu. Saa 3 na dakika 20 asubuhi ni saa yetu sisi Waswahili, mchana unaanza jua likichomoza. Mashine ikiona 03:20 inaelewa saa tisa na dakika 20 usiku, na kama mradi wako umewekwa UTC inaelewa hivyo kwa saa za Greenwich. Wewe saa 3:20 ya asubuhi ni 09:20 kwenye simu yako, na UTC ni 06:20 maana sisi tuko mbele masaa matatu. Kwaiyo besi ilikuwa juu kuanzia 06:20 mpaka 12:00 UTC, wewe ukaiambia programu ifunge saa 09:00 UTC. Na 09:00 UTC kwetu ni saa ngapi? Saa 6 kamili mchana. Ndo hapo viwanja vyako vilipoanza kukataa. Programu imekutii vizuri tu.

Vijana wangu nilikuwa nawafundisha hivi, saa ya Kiswahili ya mchana ongeza tatu unapata UTC. Saa 3 inakuwa 6, saa 8 mchana inakuwa 11. Ila mimi nawakataza kabisa kuandika namba tupu kwenye fomu. Fomu yangu ina vyumba viwili, kimoja saa ya mdomo kama tunavyosema, "saa tatu na dakika ishirini asubuhi", imeandikwa kwa maneno, na cha pili saa ya mashine inayonakiliwa kutoka kwenye kioo cha risiva yenyewe. Zikipishana nauliza palepale saiti, siyo ofisini wiki inayofuata.

dada_wa_geodesia

Mzee hapo umenifundisha, mimi nilikuwa nahangaika na biti. Mpima, futa ule muda wa mkono, acha programu isome mwanzo na mwisho kutoka kwenye RINEX, urefu wa antena uache ulivyo. Na usishtuke ukiona muda wa GPS uko mbele ya UTC kwa sekunde 18, hiyo ni kawaida tangu 1/1/2017, siyo kosa lingine, usiiguse.

mpima_veyula

Viwanja 42 vyote vimetoka. Nimefuta muda wa mkono, nimechakata upya, cha mwisho kilichokaa saa 8 na dakika 50 mchana kimefunga kama vya asubuhi. Nilirudi Veyula leo na kijana wa saiti tumehakiki bikoni nne kwa tepu, mbili za asubuhi na mbili za mchana, tofauti haijafika sentimita mbili.

Besi nimemrudishia jamaa, nimebandika karatasi juu ya boksi kwa selotepu pana: TAREHE INAKUWA NYUMA WIKI 1024, GEUZA RINEX UKIWEKA WIKI SAHIHI. Ameniambia ataulizia famuweya mpya kwa wenye mashine. Fomu ya mzee nimeichora upya, kesho napeleka kuchapisha nakala hamsini, ile ya zamani nimeitoa kwenye faili zote za saiti.

fundi_majengo

Safi kaka. Hiyo betri ya zamani usitupe ovyo mtoto asije akaimeza, ni hatari kweli, ndani ya saa chache tu inaunguza koo. Ifunge pande zote mbili na selotepu uniletee nikifungua Jumatatu.

mpima_veyula

Ipo kwenye droo ya mezani hapa wazi, naifunga sasa hivi.